Presha: kulenga chini ya 140 au chini ya 120?

Mtu anatoka kliniki na kadi yake imeandikwa 136/84. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kama hana maradhi mengine, huyo amefika: lengo lake ni chini ya 140/90. Kwa mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 bado ana safari, maana wao wanataka anayetumia dawa za presha awe na namba ya juu kati ya 120 na 129, ilimradi mwili wake uhimili. Wamarekani nao tangu mwaka 2017 wanasema chini ya 130/80. Kadi moja, majibu matatu, na wote waliojibu wamesoma majaribio yaleyale.

Mimi hupima watu presha kila siku ya kazi, na hakuna swali ninaloulizwa kama hili: "Sasa niishushe mpaka wapi?" Nimeona watu wakihangaika nalo kweli. Mmoja ameambiwa yuko sawa, jirani yake mwenye namba ileile ameongezewa kidonge, na wote wawili wanarudi nyumbani na wasiwasi. Kwa hiyo nayaweka hapa malengo mawili ubavuni, chini ya 140 na chini ya 120, nikionyesha kila moja linakupa nini na linakudai nini. Ninaposema namba ni ile ya juu, sistoli, kwa sababu ndiyo ambayo majaribio makubwa yaliifukuzia.

Ushahidi ulivyojengeka

Habari inaanzia kwenye jaribio la ACCORD, lililotoa majibu mwaka 2010. Watu 4,733 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa kwa kura: kundi moja lishushwe chini ya 120, la pili chini ya 140. Ulipojumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo na mishipa, tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Kiharusi peke yake kilipungua, kutoka asilimia 0.53 kwa mwaka hadi 0.32. Lakini madhara makubwa ya matibabu yalipanda kutoka asilimia 1.3 hadi 3.3, na madaktari wengi wakaona 140 inatosha.

Mwaka 2015 likaja jaribio la SPRINT na kuufungua mjadala upya. Safari hii walikuwa watu 9,361 wa miaka 50 na kuendelea, wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, ila hakuna aliyekuwa na kisukari wala aliyewahi kupata kiharusi. Malengo yalikuwa yaleyale mawili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, baada ya miaka mitatu na robo hivi, kwa kuwa faida ya kundi la chini ya 120 ilikuwa imeshaonekana wazi. Taarifa iliyozunguka dunia ilisema matukio ya moyo yamepungua kwa robo.

Ni kweli yalipungua kwa robo. Lakini mgonjwa aliyekaa mbele yangu anahitaji kujua ni robo ya kitu gani, kwa hiyo nimezigeuza namba za SPRINT ziwe za watu 1,000 katika kila kundi kwa muda wote wa jaribio:

| Kati ya watu 1,000 | Lengo chini ya 140 | Lengo chini ya 120 |
|---|---|---|
| Tukio kubwa la moyo au mishipa | 68 | 52 |
| Kifo kwa sababu yoyote | 45 | 33 |
| Figo kuumia ghafla | 25 | 41 |
| Potasiamu au sodiamu ya damu kuvurugika | 23 | 31 |
| Presha kushuka mno | 14 | 24 |
| Kuzirai | 17 | 23 |
| Kuanguka na kuumia | 23 | 22 |

Soma mstari kwa mstari. Ukienda chini ya 120, watu 16 kati ya 1,000 wanaepushwa na tukio kubwa, na 12 wanaokoka kifo. Upande wa pili, watu 16 wa ziada figo zinapata msukosuko, na 10 wa ziada presha inaporomoka hadi kuwa tatizo kubwa. Hizi si bidhaa za uzito mmoja. Figo zilizoumia kwenye jaribio lile nyingi zilirejea hali yake, ilhali aliyekufa hakurudi. Hata hivyo jedwali linaonyesha jambo ambalo kichwa cha habari kililificha: wengi mno kati ya hao 1,000 hawakupata tukio lolote, kwa lengo lolote kati ya haya mawili.

Mstari wa mwisho huwashangaza hata wahudumu wenzangu. Kuanguka hakukuongezeka. Nitaurudia mstari huo nikifika kwa wazee, kwa sababu una sharti lake.

Ndani ya hayo matukio 68 na 52, kilichopungua zaidi ni moyo kushindwa kufanya kazi. Kiharusi hakikupungua kwa kiwango cha kuaminika katika SPRINT, wakati katika ACCORD ndicho kilichopungua. Mwaka 2019 watafiti walewale wa SPRINT walitoa majibu ya upande wa ubongo: udhaifu mdogo wa kumbukumbu na fikra ulipungua kwa karibu moja ya tano, lakini kupungua kwa ugonjwa wenyewe wa kupoteza kumbukumbu hakukuthibitika.

Kwa miaka mingi lilibaki pengo: je, mwenye kisukari na aliyewahi kupata kiharusi? Mwaka 2024 majaribio mawili ya China yalilijibu. ESPRIT iliwachukua watu 11,255 wenye hatari kubwa, wakiwamo wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi, na matukio makubwa yakashuka kutoka asilimia 11.1 hadi 9.7. BPROAD ilichukua wenye kisukari cha aina ya pili peke yao, watu 12,821, karibu mara tatu ya ACCORD. Kwa kila watu 100 kwa mwaka, matukio yalikuwa 2.09 kwenye lengo la chini ya 140 na 1.65 kwenye lengo la chini ya 120. Kwa maoni yangu BPROAD ndiyo iliyomaliza ile hoja ya kwamba kisukari ni sababu ya kutoshusha. Nayo ilileta dalili za presha kushuka mno na potasiamu kupanda kwa watu wengi zaidi upande wa chini, kwa hiyo deni ni lilelile.

Yote haya yanaendana na uchambuzi mkubwa uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2021, uliounganisha majaribio 48 na watu 344,716: kila pointi 5 zinazoshuka kwenye namba ya juu hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 10. Hakuna mpaka wa ghafla pale 140 ambapo hatari inaanza, wala pale 120 ambapo inaisha.

Kabla ya kuchagua namba, hakikisha namba yenyewe

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na wagonjwa, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi ya maisha halisi.

Mama mmoja wa makamo aliingia chumbani kwangu akitweta, akaketi kwenye stuli isiyo na mgongo, akapandisha mkono wa gauni mpaka ukambana juu ya kiwiko, akaanza kunieleza habari za safari huku mkanda wa mashine unajaa. 158. Nikamwomba ateremshe ule mkono wa gauni na autoe kabisa, nikamhamishia kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nikabadilisha mkanda, kwa sababu ule wa kwanza ncha zake zilikutana kwa shida. Tukanyamaza dakika tano. Nikapima mara tatu na kuchukua wastani: 139. Dawa haijaguswa, na pointi 19 zimeondoka.

Utafiti unaunga mkono nilichokiona. Jaribio la mwaka 2023 lililolinganisha saizi za mkanda lilikuta kwamba mwenye mkono mnene sana akipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu inasomeka zaidi ya ukweli kwa karibu pointi 20. Lingine la mwaka 2024 lilikuta mkono uliolazwa mapajani unaongeza kama pointi 4, na unaoning'inia pembeni kama 6 au 7.

Sasa kumbuka: wagonjwa wa SPRINT walipimwa kwa mashine inayojipima yenyewe, baada ya dakika tano za utulivu, mara tatu, wengi wao wakiwa peke yao chumbani. 120 yao ni 120 ya utulivu. Anayepimwa harakaharaka kwenye foleni kisha akasukumwa mpaka asome 120 palepale, huenda presha yake ya kweli iko chini zaidi ya hapo, na kizunguzungu chake kina maelezo. Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali: penye upimaji wa haraka, lengo la chini ya 120 lisitumike. Si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu hapo hujui uko wapi.

Mashine ya nyumbani inasaidia sana, ikiwa ni ya kufunga juu ya kiwiko na si kwenye kifundo cha mkono. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila safari, kwa siku saba, siku ya kwanza uitupe, zinazobaki utafute wastani. Kwa kawaida 135 ya nyumbani inahesabiwa sawa na 140 ya kliniki.

Kila lengo linakudai nini

Katika SPRINT, waliolenga chini ya 140 walitumia dawa za aina karibu mbili kwa wastani, na waliolenga chini ya 120 karibu tatu. Dawa moja ya ziada inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu ambaye tayari anameza za sukari na za mafuta ya damu, ni kidonge kingine cha kukumbuka na damu nyingine ya kuchukuliwa, maana dawa nyingi za presha hugusa figo, potasiamu au sodiamu. Zikiunganishwa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, mzigo hupungua, na ni jambo la kuulizia.

Wastani ambao kundi la chini ya 120 lilifikia baada ya mwaka mmoja ulikuwa 121.4, na la chini ya 140 likafikia 136.2. Yaani hata kwenye jaribio lenye wauguzi, ratiba na dawa zisizokatika, zaidi ya nusu ya watu hawakushuka chini ya 120. Ukijitahidi ukaishia 124, hujafeli. Faida yote iliyo kwenye jedwali langu ilipatikana na watu wa namna hiyo.

Kuna jambo lingine halisemwi vya kutosha. Walioshiriki SPRINT walipofuatiliwa kwa miaka mingi baada ya jaribio kwisha, presha za kundi la chini ya 120 zilikuwa zimepanda taratibu, na ile faida ya kupunguza vifo ikawa imefutika. Majibu hayo yalitoka mwaka 2022, na kwangu ni miongoni mwa matokeo yenye uzito mkubwa kwa huduma ya kila siku. Lengo la chini huwezi kulifikia mara moja ukalisahau. Kama unajua wazi kwamba dawa ya tatu utaiacha baada ya miezi sita, ni heri 132 utakayoishi nayo kuliko 119 ya msimu mmoja.

Kuhusu saa ya kumeza, usipoteze usingizi. Jaribio la TIME la Uingereza, watu zaidi ya 21,000, lilionyesha mwaka 2022 kwamba asubuhi au jioni hakuna tofauti kwa moyo na kiharusi. Meza saa utakayoikumbuka.

Nani achukue lipi

Nianze na ambaye mjadala huu haumhusu bado. Kama unasoma 165, au una dawa na huzimezi, habari za 120 ziweke pembeni. Watu wa SPRINT walianza wakiwa na wastani wa karibu 140, na wengi tayari walikuwa kwenye dawa. Kutoka 165 kwenda 138 kunakupa faida kubwa kuliko kutoka 138 kwenda 122, na ndiyo kazi ya kwanza.

Aliyeshafika chini ya 140 ndiye mwenye uchaguzi wa kweli mbele yake. Ningemshauri asogee kuelekea chini ya 120 kama ana miaka 50 au zaidi na hatari yake ni kubwa: amewahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, ana kisukari, figo zake zimeanza kupungua nguvu, au daktari amekokotoa hatari yake ya miaka kumi na kuikuta juu. Lakini asogee kwa hatua. Mimi napenda kusimama kwanza chini ya 130, kumpa mtu wiki kadhaa, kumuuliza anavyojisikia akiamka asubuhi, kuangalia damu yake, ndipo hatua inayofuata. Chini ya 130 ndiko miongozo mingi inakokutana, na jaribio la STEP la China la mwaka 2021, lililowachukua watu wa miaka 60 hadi 80 na kulenga kati ya 110 na 130, lilipunguza matukio kwa karibu robo yakilinganishwa na lengo la kati ya 130 na 150.

Kijana wa miaka 38 mwenye presha ya juu kidogo na hana kingine, majaribio haya hayakumpima. Kwake chini ya 140, na ikibidi chini ya 130, inatosha kwa ushahidi uliopo, na nguvu nyingi ziende kwenye uzito, chumvi na mazoezi. Mjamzito yuko nje kabisa ya ulinganisho huu; ana miongozo yake na baadhi ya dawa za presha ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Wazee

Umri peke yake usikuogopeshe. Ndani ya SPRINT walikuwamo watu 2,636 wa miaka 75 na kuendelea, na wao walinufaika kwa kiwango kilekile au zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, jaribio la HYVET liliwatibu watu wa miaka 80 na kuendelea kwa lengo la 150/80 tu, na vifo vikapungua kwa takriban moja ya tano. Mzee hatupwi kwa sababu ya mwaka wake wa kuzaliwa.

Sharti nililolitaja kuhusu kuanguka ni hili: SPRINT haikumpokea mtu ambaye namba yake ya juu ilikuwa chini ya 110 baada ya kusimama dakika moja, wala anayeishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Waliobaki walikuwa wazee wanaosimama imara.

Mzee mmoja wa miaka 78 aliletwa na binti yake, ambaye alikuwa amesoma kwamba chini ya 120 ndiyo bora na alitaka baba yake aongezewe dawa. Nilimpima amelala baada ya dakika tano za kupumzika: 134. Nikamwomba asimame. Baada ya dakika moja mashine ikasoma 106, na mkono wake ukatafuta ukingo wa meza.

"Shikamoo tena mzee wangu, unajisikiaje hapo?"

"Marahaba. Naona vinyotanyota, mwanangu. Ndivyo ilivyo kila nikiamka."

Binti hakuwahi kuambiwa. Namba ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, hilo ni tatizo linalojitegemea, na mzee huyu asingekubaliwa kwenye jaribio ambalo binti yake alilisoma. Daktari hakumwongezea kitu. Alianza kwa kupitia dawa zake nyingine, akikagua ile ya tezi dume ambayo nayo hushusha presha. Kipimo hicho cha kusimama kinachukua dakika chache tu, na mtu yeyote mwenye miaka zaidi ya 65 anayetaka kushushwa zaidi anastahili kufanyiwa. Kisipofanywa, kiombe.

Kwa mzee dhaifu sana, anayehitaji msaada kuvaa na kuoga, mwongozo wa Ulaya wenyewe unalegeza lengo, sawa na kwa waliovuka miaka 85. Lakini kulegeza lengo si amri ya kumwondolea dawa. Jaribio la RETREAT-FRAIL la Ufaransa, lililotoka mwaka 2025, lilipunguza dawa za presha hatua kwa hatua kwa wazee dhaifu wa miaka 80 na kuendelea wanaoishi kwenye nyumba za wazee. Vifo havikupungua kwa kupunguza dawa. Kwa hiyo hapo sababu ya kupunguza iwe kizunguzungu, uchovu au mzigo wa vidonge, na iamuliwe na mzee mwenyewe, watu wake na daktari, si ahadi ya kurefusha maisha.

Ukichagua lengo la chini, kabla hujatoka chumbani taja tarehe ya kurudi kupima figo na potasiamu, wiki mbili hadi nne baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, na iandikwe kwenye kadi. Uliza pia ufanye nini siku ukiharisha au kutapika sana, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huumiza figo mwili ukikaukiwa maji, na daktari anaweza kukupa maelekezo ya kuzisimamisha kwa siku chache. Maelekezo hayo yasikike na anayekaa nawe nyumbani, maana siku hiyo huenda wewe utakuwa umelala.